Rangi ya Kupewa

Baba yangu alikuwa fundi wa mabango, na mimi nilikuwa nafundisha kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, mtaa wa Majengo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye mlango unaotazama barabara alifungua biashara. Nilipokuwa mdogo mtaa ulikuwa na duka moja tu, la ushirika, nalo halikuhitaji bango, maana kila mtu alijua lilipo, na alijua pia kwamba halina kitu. Sasa maduka yalikuwa yamebanana, na asiye na bango alionekana kama hayupo. Baba alipata kazi nyingi. Aliandika bucha, saluni, duka la dawa, hoteli za chai na maharage, na nyumba moja ya kulala wageni ambayo alikataa kuichorea kitanda, kwa sababu watoto walipita pale wakienda mafundisho ya komunyo.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo Dar es Salaam na cheti na tabia ya kukosoa watu. Kituo chetu kilikuwa na kompyuta chache, nyingine za kutazamwa tu. Umeme ukiwepo tulifundisha kuandika barua. Ukikatika tulifundisha kuandika barua kwa kutumia ubao na chaki. Wanafunzi wakiondoka nilibaki na mashine moja nzima nikiandika programu kwa lugha ya Java, ambayo nilijifunza chuoni na ambayo Sumbawanga yote sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari zake. Nyumbani tulisema Kifipa, mjini Kiswahili, na hiyo ya tatu niliisema na mashine.

Programu ilikuwa kwa ajili ya baba. Wateja wake walikuwa na shida moja: hawakuweza kuona bango kabla halijachorwa. Mtu anasema anataka nyekundu, akipakiwa nyekundu anasema hakumaanisha nyekundu hiyo. Mfugaji mmoja aliyehamia na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga alitaka bucha yake iwe na rangi ya dume lake, na ili kuondoa ubishi akamleta dume mwenyewe hadi uani kwetu. Baba akamtazama ng'ombe, mama akamtazama ng'ombe, kisha mama akakoroga rangi. Nilidhani ikiwa mteja ataona bango kwenye kioo cha kompyuta na kuchagua, ng'ombe watabaki malishoni.

Katika Java, kazi unayotaka mashine ifanye unaipa jina, na kazi hiyo yenye jina tuliiita methodi. Ya kwangu niliiita chora. Mwanzoni, kwa uvivu, nilizipachika rangi ndani kwa ndani: bango la buluu lilikuwa na methodi yake, jekundu na yake, la kijani na yake, zote zimenakiliwa neno kwa neno isipokuwa rangi. Nilipotaka kusogeza herufi kidogo kushoto ikabidi nisogeze kila mahali. Bango la buluu nikalisahau, likabaki limesogea kulia peke yake kama mtu mwenye kisirani. Nilijikasirikia, kwani nilikuwa nimefundishwa vizuri zaidi ya hapo. Rangi haikai ndani ya methodi. Unaiachia methodi nafasi tupu kwenye mabano yake, na anayeiita ndiye anayezijaza: chora(ukuta, herufi). Methodi haijui kama leo ni buluu au kijani, wala haiulizi. Inapokea, inapaka.

Rangi yenyewe, kwa kompyuta, si rangi. Ni namba tatu: ya kwanza ya nyekundu, ya pili ya kijani, ya tatu ya buluu, kila moja kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Zote zikiwa sifuri unapata weusi. Zote zikijaa unapata weupe. Ukizipanga mbele nyuma mashine haikwambii kitu, kwa sababu namba ni namba, nayo haina macho. Hapo ndipo wanafunzi wangu waliponichukia. Walitaka mashine iwakemee. Niliwaambia mashine itakukemea ukisahau nukta mkato, lakini ukitaka kumpaka twiga rangi ya kijani itakusaidia.

Mwaka huo paroko alimpa baba kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Pembeni ya kanisa lilikuwa limejengwa pango la mawe, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria ya saruji, ndefu kumzidi mtu, iliyofinyangwa na fundi mmoja kutoka kijiji cha Wampembe. Ilikuwa bado ya kijivu tupu. Baba alitakiwa aipake rangi kabla ya Oktoba, mwezi wa Rozari, kwa sababu askofu angekuja kuibariki, na waumini wangetoka kila kigango cha parokia. Mafundi vijana walikuwa wameanza kuingia mjini, na baba alijua hesabu yake. Kazi hiyo ikienda vizuri, hakuna atakayeuliza umri wake. Ikiharibika mbele ya askofu, hakuna atakayempa hata mlango wa choo.

Nikamchorea sanamu hiyo kwenye programu. Kichwa kilikuwa duara, mwili pembetatu iliyokatwa ncha, na joho nililiundia methodi yake inayopokea rangi. Nikampigia mahesabu ya buluu ya anga: arobaini, mia na ishirini, mia mbili. Nikamwita kituoni mchana mmoja. Alikaa mbele ya kioo akiwa na kofia mapajani, kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule.

"Hiyo hapo," alisema joho lilipotokea. "Hiyo ndiyo buluu ya Mama Maria. Usiiguse tena."

Nikatazama. Joho lilikuwa la zambarau. Zambarau kabisa, ya Kwaresima, ile ambayo padre huivaa watu wakifunga. Nikaangalia nilichoandika na kosa likajionyesha mara moja: nilikuwa nimebadilisha namba mbili za mwanzo, mia na ishirini ikatangulia, arobaini ikafuata. Nyekundu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha kijani. Nikazirudisha mahali pake, nikaiendesha programu upya, na joho likatoka buluu safi.

"Na hii, baba?"

"Si ni hiyo hiyo? Unanionyesha kitu kimoja mara mbili, mimi nimekuja mjini leo?"

Nilicheka. Baba alikuwa mtu wa utani wa uso mkavu, na nilidhani ananichokoza. Nikayachora majoho yote mawili yakae pamoja, zambarau kushoto na buluu kulia, nikamwambia achague. Aliinama karibu na kioo. Akakifuta kwa mkono wa shati. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akafumba la pili.

"Kioo chako kina vumbi," alisema, na akavaa kofia yake.

Nilimkuta mama uani anapepeta ulezi. Sikumwamkia hata vizuri.

"Tangu lini baba haoni rangi?"

Mama hakusimamisha ungo. "Herufi anaziona. Mstari anauona, hata nywele anaiona kwa karibu. Rangi ndizo zinazomkimbia. Ilianza buluu, ikaja zambarau, sasa nyeupe nayo anaiona kama chai ya maziwa."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayechagua."

"Yeye anasema, mimi nampa."

"Akisema isiyofaa?"

Alipuliza makapi, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nampa inayofaa."

Tangu nirudi kutoka chuo nilikuwa nawaona kila siku wakiwa kazini: baba juu ya ngazi, akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akisema nipe nyekundu, na mama chini akimpandishia kopo. Niliona ni jeuri ya mwanaume. Niliwahi hata kumsemea mama, kwamba huyu mtu hawezi kushuka achukue kopo mwenyewe, na mama akaniambia niache maneno ya Dar es Salaam. Sasa nilielewa ulichokuwa ukifanya ule mkono. Baba alikuwa methodi ya chora, yenye herufi zilizonyooka na ukingo usiotetereka, na kwenye mabano yake ilikuwa nafasi tupu. Aliyeijaza alikuwa mama.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia.

"Hajafa mtu hapa. Unataka nikatangaze kanisani kwamba fundi rangi haoni rangi? Nani atamwita tena?"

"Na yeye mwenyewe anajua kwamba wewe unajua?"

Mama akarudi kwenye ungo wake. "Hatujawahi kuulizana," alisema.

Ningependa kusema nilimhurumia baba. Ukweli ni kwamba nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Watu wawili walikuwa wanafanya kazi moja mchana kutwa, miaka, bila kuitaja, na mimi mwenye cheti niliona baada ya kukosea namba mbili.

Wiki ya kupaka sanamu, shangazi yake mama akafariki huko Mollo, na mama hakuwa na namna, akaenda msibani. Kabla ya kuondoka alinipeleka mahali makopo yalipo, akanionyesha ya buluu na ya zambarau, rangi alizokoroga mwenyewe katika makopo sawasawa yasiyo na maandishi, kwa sababu zambarau nayo ilitakiwa, kidogo tu, kwa maua ya miguuni pa sanamu. Aliniambia niende na baba, nikae chini ya ngazi, nimpe. Nilimwambia baba anisubiri nimalize darasa la asubuhi. Alisema sawa. Nilipotoka darasani adhuhuri nikaambiwa ameshapita tangu asubuhi na mkokoteni wa makopo, peke yake, akiimba.

Nilifika pangoni nikihema. Baba alikuwa ameshuka kwenye ngazi na amesimama mbele ya kazi yake, mikono kiunoni. Uso wa sanamu ulikuwa mzuri kweli, kope zimechorwa kwa brashi ya nywele chache, mdomo umetulia. Na kuanzia kichwani hadi miguuni joho lote lilikuwa la zambarau.

Walikuwepo akina mama wa parokia waliokuja kufagia, na alikuwepo katekista. Kwetu mtu mzima hakosolewi mbele za watu. Utamwamkia, utampa pole ya kazi, na ukiwa na neno utalipeleka kwa mkewe au kwa mdogo wake, nalo litamfikia siku nyingine kwa njia ndefu. Kwa hiyo mama mmoja alisema, "Hongera, mzee, umefanya kazi," na wa pili akasema ndiyo, amefanya. Katekista alikuwa ameshapata maelezo. Alikuwa anawaambia kwa sauti ya chini kwamba huyu ni Mama wa Mateso, kwamba zambarau ni ya majonzi ya mama aliyefiwa, na huenda paroko mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo. Nilitamani kumpiga na ufagio. Wote walikuwa wema, na kwa wema wao wangemwacha baba asimame vile vile mbele ya askofu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaionaje?"

Wanawake wakaacha kufagia. Nilikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo lilikuwa la neno moja. Nililiona pia litakavyoshuka mjini, kutoka pangoni hadi sokoni, kabla makopo hayajafungwa. Nikaigusa sanamu kwa kidole kwenye upindo. Ilikuwa rangi ya maji, na kwa upepo wa huku juu ilikuwa karibu imekauka.

"Mkono wa kwanza wa rangi umekubali vizuri," nilisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nikupe buluu uanze mkono wa pili?"

Baba alinitazama mimi, akaitazama sanamu, akalitazama kopo lililokuwa wazi miguuni pake. Kisha akaokota brashi, akaikung'uta kwenye ngazi.

"Nipe," alisema.

Nikafungua kopo la buluu nikamwekea mkononi. Alipanda, akaanza upya kutoka kichwani, na hakunitazama hadi alipomaliza. Zambarau ile chini ya buluu ililipa joho kina, na waliokuja siku ya baraka walisema hawajaona buluu ya namna hiyo. Katekista aliwaeleza waumini kwamba majonzi yamefunikwa na mbingu. Askofu akampa baba mkono. Baba alipokea pongezi zote kwa heshima, na tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba kivuli cha mawe ya lile pango kinadanganya sana macho. Nikasema ni kweli, kinadanganya.

Mama aliporudi kutoka Mollo nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimefanya vizuri, na kisha akasema hawezi tena kwenda popote, hata kuzika, na hilo halikuwa la kujivunia kwa mtu yeyote. Ndipo likaja tangazo Misani kwamba madaktari wa macho wamefika hospitalini. Mama alimwambia baba kwamba yeye macho yanamwasha na anaomba asindikizwe. Baba alivaa koti akamsindikiza. Huko, mwuguzi ambaye mama alikuwa ameshazungumza naye alimwambia mzee naye akae, kwa kuwa kiti kiko wazi. Baba alikaa kwa adabu. Waliona mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na jicho la kulia wakalipasua kwanza.

Bandeji ilipotolewa nilikuwepo. Sikuona kitu cha ajabu. Baba aliangalia mikono yake, akaangalia ukuta, akauliza kwa nini shuka za hospitali ni nyeupe kiasi hicho. Mama akamwambia zimefuliwa.

Tulirudi kwa miguu tukipita Majengo, baba akiwa na kofia imeshushwa usoni kukinga vumbi, mama upande wa jicho lililopasuliwa, mimi nyuma na mfuko wa dawa. Mwendo wetu ulikuwa mfupi mfupi, maana alisimama kwenye kila bango lililokuwa lake. Alisimama, akasoma, akaendelea. Mama alikuwa anatazama chini, na nikaona anaogopa. Sikuelewa anaogopa nini mpaka tulipofika kwenye duka la mbegu.

Bango la pale lilikuwa la maandishi ya kahawia iliyoiva juu ya ukuta wa rangi ya maziwa, na pembeni mwa kila herufi ukingo mwembamba wa buluu, mwembamba hata usiukute usipoutafuta. Lilikuwa bango zuri kuliko yote mtaani. Baba alisimama mbele yake kwa muda.

"Hapa niliomba nyekundu," alisema.

"Uliomba kahawia," mama alisema.

"Niliomba nyekundu. Na ukingo niliomba mweusi."

Mama akakaza khanga yake kiunoni. Mwenye duka alikuwa ametoka, ameshika kikombe cha chai, akamwamkia baba. Akampa pole ya jicho. Kisha, kwa kuwa alitukuta tunatazama juu, akasema wateja wake huliulizia lile bango, hata watu wa Mbeya wamemwuliza ni fundi gani mwenye jicho la kuchagua rangi namna ile.

"Ni huyu," mama alisema haraka, akimwonyesha baba kwa kidevu. "Rangi zote huchagua mwenyewe."

Baba alivua kofia, na jua lote likampiga usoni. Alikuwa anatokwa machozi, lakini daktari alikuwa ametuambia jicho hilo litatoa machozi siku kadhaa, kwa hiyo siwezi kuapa.

"Mimi nilikuwa sioni," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia bei ya chumvi. "Miaka mingi nilikuwa sioni rangi. Aliyechagua ni huyu mama."

Mwenye duka akamgeukia mama, na ilionekana wazi kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mimi nilishika mfuko wa dawa kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha hata ikaniuma. Mama alimwambia baba arudishe kofia, vumbi litamwingia jichoni, twende nyumbani. Aliyasema yote hayo, na hakuna aliyeondoka, naye mwenyewe hakuondoka, alibaki amesimama pale barabarani akilitazama bango lake.